Kwilti ya ukoo mzima kwa kanga na vitenge, tunaanzaje wadau?

MamaZai_Lincoln

Habari zenu wadau. Niko Lincoln, Nebraska, huku katikati kabisa ya Marekani, mahindi na upepo basi. Jirani yangu, bibi mmoja mstaafu, alinibeba jioni moja akanipeleka kwenye gildi yao, yaani chama cha washona kwilti, zile blanketi za viraka zenye matabaka matatu, juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu yote yanashonwa kwa pamoja yasihame. Mimi nilijua naenda kuchungulia tu nirudi zangu, nikajikuta nimelipa ada ya mwaka.

Aisee raha ya pale sio blanketi. Kila anayemaliza kazi nyumbani anakuja nayo, watu wawili wanaishika pembe wanainyanyua mpaka sura zao hazionekani, unaona viatu tu kwa chini, mwenyewe anaeleza kamshonea nani na kile kipande cha bluu kilikuwa shati la nani, na ukumbi mzima unaguna kama kitchen party bibi harusi anapofunguliwa zawadi. Kuna meza ya mabaki, chukua unachotaka acha usichotaka. Kuna meza ya chakula, hiyo usiichezee kabisa. Na kuna siku za kukaa na kushona tu, kila mtu na cherehani yake toka asubuhi, stori za mawifi na mawakwe ni zilezile, hata wazungu wanazo.

Sasa bimkubwa kaja kukaa na sisi. Kaniona nakata kitenge kizima vipande vipande halafu naviunga tena, akaniuliza, "Yaani Marekani yote hii umekosa blanketi la dukani?" Nilicheka sana. Ila tangu hapo anaizunguka meza yangu, mara kaokota kipande kanyoosha kwa kiganja, mara ooh huu uzi umelegea, mara nani kakufundisha kukunja hivi, kwa hiyo najua moyo umeshaingia, anasubiri kubembelezwa tu.

Nataka tutengeneze moja ya ukoo. Mama na binti yangu huku, dada yangu yuko Dar, wifi yuko Mwanza, kila mmoja ashone viraka vyake, mimi niunge, halafu siku ya kushona matabaka niwaite wenzangu wa gildi nyumbani wale pilau washone. Wasiwasi wangu ni je vitalingana kweli? Wifi ana cherehani ya kukanyaga na tepu ya fundi, hana hizi rula za plastiki wala kisu cha gurudumu. Na kanga je? Mama anasema kanga haikatwi jina na hapo hataki mjadala.

SindanoMinnesota

Hongera sana dada, hilo la ada ya mwaka limetupata wengi.

Vitalingana, wala usimlazimishe mtu kushona sawasawa, utaharibu undugu bure. Kata kadibodi ngumu ya boksi inchi 13 kwa 13, piga picha uwatumie vipimo, waambie kiraka kikiisha kisiwe kidogo kuliko hiyo kadibodi, kikizidi poa tu. Kikifika kwako unakata mwenyewe kiwe 12 na nusu. Ukiunga kwa mshono wa robo inchi kila upande kinabaki 12 kamili. Ndani ya kiraka kila mtu afanye anavyojua, wewe kazi yako ni ukingo.

Na usiunganishe kiraka kwa kiraka moja kwa moja. Weka ukanda wa inchi moja kati yao na kuzunguka nje, ile mikanda inaficha dhambi nyingi sana maana pembe hazilazimiki tena kukutana. Mko wanne, kila mtu viraka 6, jumla 24, ukipanga 4 kwa 6 unapata kama sentimita 135 kwa 200 hivi, kitanda cha mtu mmoja kinafunikwa vizuri.

Fua kila kitu KABLA ya kukata. Kitenge kipya kina wanga na kinarudi kikifuliwa, sasa kimoja kikirudi na kingine kisirudi kwilti nzima inajikunja. Nyekundu na nyeusi loanisha, weka juu ya kitambaa cheupe, piga pasi, ukiona doa rudi kafue tena. Na badilisha sindano, kitenge kimefumwa kwa kubana, sindano butu inaruka mishono.

Halafu uko Lincoln na hujasema umeenda makumbusho?? Hapo kwenu ndio kuna makumbusho ya kimataifa ya kwilti, ya chuo kikuu cha Nebraska, yalianza 1997 baada ya mtu na mkewe, Robert na Ardis James, kutoa kwilti zao karibu 950. Mpeleke bimkubwa, akitoka pale haulizi tena habari ya blanketi la dukani.

FundiKirumba

Mimi ni fundi cherehani Mwanza, nimesoma uzi huu mara mbili kuhakikisha nimeelewa. Mnakata kitenge kizima ili mpate vipande? Jamani. Kwangu vipande vinajaa chini ya meza mpaka mguu haufiki kwenye kanyagio, nikishona madera na sare za harusi mabaki najazia mito, mengine yanafagiliwa. Wifi yako akipita nampa kiroba kizima bure, mradi asinichagulie rangi hapa siku nzima nina wateja.

Ila chunguzeni maana siku hizi vitenge vingi sokoni sio pamba, vinang'aa vizuri lakini ni poliesta. Chomoa nyuzi mbili tatu uwashe kiberiti. Pamba inaungua na harufu ya karatasi, inaacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunyata inakuwa kidonge kigumu. Ukichanganya hizo mbili kwenye kiraka kimoja, pasi ya pamba itaiunguza hiyo nyingine.

Na cherehani ya kukanyaga msiidharau wakuu. Mshono wake umenyooka kuliko hizo za umeme za laki nne, tena umeme ukikatika sisi tunaendelea.

BintiKibokoni

Mamako asema kweli shoga, jina halikatwi. Lakini dawa iko. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mji ukate uuweke katikati ya viraka. Pindo ndio hiyo mikanda alosema dada wa Minnesota, ishatengenezwa, ina nakshi yake, yataka kunyooshwa tu. Na kwa mgongo wa kwilti chukua doti nzima usiikate, unganisha kanga mbili kwa upande mrefu, wapata karibu sentimita 150 kwa 220 ukitoa mshono, na hiyo yenu ya 135 kwa 200 yaingia na kuzidi kila upande, ndivyo inavyotakiwa. Jina limebaki zima, mama ameridhika, na wewe hukununua kitambaa cha mgongo.

Lakini lisome kwanza hilo jina! Usije ukamlaza mgeni juu ya kanga ilonunuliwa kumsema mke mwenza.

Na hayo ya kushona pamoja wala si mageni kwetu, watu wanaona kama ni mambo ya wazungu. Bibi zetu Lamu na Unguja wameshona kofia za vitobo uani miaka na miaka, kofia moja kazi ya miezi, na kilokuwa kikisukuma sindano ni yale mazungumzo. Mie nimejifunzia hapo, subana kidoleni, ile kofia ya chuma ya kuzuia sindano isikudunge, na masikio yote kwa wakubwa. Mambo ya watu wazima nilioyasikia kwenye kofia sikuyasikia kwengine popote.

Njoro_ATL

Niko Atlanta, wacha niongeze kitu. Kuna mahali Alabama panaitwa Gee's Bend, siku hizi kwa ramani ni Boykin, ni kama masaa manne hivi kutoka hapa kwa gari, kijiji cha watu weusi kwa kona ya mto, wengi ni wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba ya hapo hapo. Hao akina mama wameshona kwilti vizazi na vizazi na hawakuwa na kitambaa cha kununua, ni overoli za shamba, jeans zimeisha magoti, magunia. Mwaka wa 1966, wakati wa harakati za haki za kura, walianzisha ushirika na wenzao wa karibu, Freedom Quilting Bee, wakawa wanauza. Baadaye wakashonea Sears, kampuni ya maduka, mifuko ya mito ya korduroi, kile kitambaa kizito cha mistari mistari, na mabaki ya hiyo korduroi yakaingia kwa kwilti zao wenyewe, so ukiona kwilti ya huko ya miaka ya sabini imejaa korduroi unajua imetoka wapi. 2002 zikaonyeshwa makumbusho ya Houston halafu New York, 2006 zikawekwa kwa stempu za posta.

Kwa nini nasema hivi, MamaZai? Kwa sababu hao hawakuwa wanajali pembe zikutane. Mistari inapinda, mraba una upande mmoja mrefu, na hiyo ndiyo watu walisafiri kwenda kuangalia. Mimi naona hiyo ya kukata kila kitu 12 na nusu ni sawa lakini usiwe mkali sana. Na ile kazi walikuwa wanaigawa hivyo hivyo unavyotaka wewe, sehemu ya juu kila mama anaunga kwake peke yake kwa mtindo wake, wakija kushona matabaka ndio wanakaa pamoja kwa fremu, wanaimba na kuomba.

SindanoMinnesota

@Njoro_ATL nakubali kuhusu Gee's Bend lakini yule anayeunga kwake anaunga peke yake, macho yake yanaona yote. Huyu dada anaunga vitu vya watu wanne, vingine vinakuja kwa posta. Bila kipimo kimoja atalia.

Njoro_ATL

Hahaha sawa, kadibodi ibaki. Lakini ndani ya kiraka uhuru.

Mrima_Muscat

Salamu kutoka Muscat. Kuna njia nyengine haihitaji viraka kulingana kabisa. Kule Karnataka, India, wako Masiddi, asili yao Afrika, wengine wazee wao walipelekwa huko na Wareno kupitia Goa. Wanawake wao wana kwilti inaitwa kawandi. Wanatandika kitambaa kizima chini, mara nyingi sari kuukuu, wanaanza kushona viraka kutoka pembeni kwa mkono, wanazunguka wanaingia ndani mpaka wafike katikati, kile kipande cha mwisho ndio kinafunga kazi. Pembeni kwenye kona nne wanaweka vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita maua. Pamba ya katikati mara nyingi haipo, unene ni wa vitambaa vyenyewe.

Uzuri wake kwa wageni wako wa pilau ni huu, watu wanne wanaweza kukaa kila mmoja na upande wake, hamna hesabu wala cherehani, na hata mtoto anaweza. Mama anayesubiri kubembelezwa mpe kona moja tu, mengine atafanya mwenyewe.

MamaZai_Lincoln

Jamani nimesoma yote kwa sauti mama akiwa jikoni. Kwa Fundi Kirumba kacheka, kwa Binti Kibokoni kasema "umeona?" mara mbili, na kwenye kawandi katoka na mikono ya unga kuja kuangalia picha niliyotafuta.

Kwa hiyo kwilti ya ukoo inabaki viraka 24, kadibodi 13, mikanda ya pindo, mgongo doti nzima. Mama kishachagua doti, jina lake ni la kuombea safari njema, hakuna wa kukasirika. Na siku ya wageni nitatandika pia kitambaa kimoja chini kwa mtindo wa Masiddi, wanaokuja na watoto wakae hapo, maana gildi yetu inashona blanketi za kugawa kwa watoto waliolazwa hospitali na hii ikiisha itaenda huko, ila itabidi iwe pamba tupu na ifulike kwa mashine.

Binti yangu anauliza kama kiraka chake kinaweza kuwa na paka. Kinaweza.

@FundiKirumba wifi nimemwambia, yuko tayari kuja kuchukua hicho kiroba. Duka liko upande gani?

FundiKirumba

Njoo PM nikuelekeze. Aje asubuhi kabla ya saa nne, na aje na mfuko wake, kiroba nakihitaji. Poliesta nimeshazitoa.

BintiKibokoni

Fundi, na wa Mombasa je? Au kiroba ni cha Mwanza peke yake?

FundiKirumba

Dada wa Mombasa nauli ya basi itazidi thamani ya mabaki, lakini lete namba tuongee.