Stika za maegesho ya wakazi tu: tuzitetee, au tuachie ushuru wa saa? (Uhindini, Iringa)

Mkazi_Uhindini
Kamwene wakuu. Mtaani kwetu, jirani na Soko Kuu, tuna makubaliano ya siku nyingi: upande mmoja wa barabara wanapaki wenye stika ya mtaa tu. Sasa wenye maduka wanataka zifutwe, kila nafasi ilipiwe kwa saa. Mwenyekiti ameitisha mkutano. Njia ninazoziona ni stika zibaki, ushuru kwa wote, au wakazi tukalaze magari kwenye yadi za kulipia. Mimi natetea stika. Nyumba zetu ni za zamani, mlango ukifunguka uko barabarani. Sisi si Gangilonga, hatuna ua wa kuingizia gari.

MamaDuka
Mkuu, pita hapo saa 4 asubuhi. Nafasi ziko wazi lakini zimewekewa mawe na matairi mabovu, eti mwenyewe yuko kazini. Mteja wangu katoka Ilula na kirikuu kuchukua sukari na mafuta, anazunguka wee, mwisho anasimama katikati ya barabara na honi zinaanza. Hiyo stika inalinda gari au inalinda jiwe?

Fundi_Nyororo
Jiwe 😂

Msomaji_Kihesa
Kabla hamjachagua, jueni kwamba barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017, na ushuru wa maegesho si jambo la mtaa kujipangia. Stika ya mtaa ni ungwana wa majirani tu. Haikufutii deni la ushuru, wala haimzuii mtu wa Mafinga kupaki. Mkitaka iwe na nguvu, mkutano uandike muhtasari na ombi lipelekwe rasmi.

Na kama kuna atakayesema stika ni ubaguzi kwa wasio wakazi, hoja hiyo ilishafika mahakamani kwa wenzetu. Kaunti ya Arlington, Virginia, iliwazuia watu wa nje kupaki kwenye mitaa ya makazi, ikashtakiwa. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliipa ushindi kaunti. Ila angalieni walivyopanga: vibali havikuwa vya wakazi peke yao, hata wageni wao na wenye shughuli nyumbani kwao walifikiriwa. Sisi tukiwa na msiba, nani atasimama mlangoni kukagua stika?

Dereva_Mstaafu
Ya yadi ndiyo njia ya Wajapani. Tangu sheria yao ya 1962, kwa kawaida huwezi kusajili gari bila kuonyesha una pa kulilaza, tena si mbali na nyumbani. Hizi Toyota IST zetu nyingi zilikuwa na kwao kabla hazijapanda meli! Lakini mimi nauguza mzee. Akizidiwa saa 8 usiku, nianze kushuka mpaka yadi kumwamsha mlinzi, na baridi yetu hii ya Julai? Siafiki.

Binti_Mshindo
Mbona mnabishana stika au ushuru wakati mnagombania saa tofauti? London kuna maeneo ambako masharti ya wakazi yanabana saa moja au mbili tu mchana, kuwakomesha wanaoacha gari kutwa nzima na kupanda treni. Kwetu ni kinyume: mchana soko, usiku wakazi. Stika zifanye kazi jioni hadi asubuhi, mchana ushuru kwa kila mtu, na mawe yaondoke. Halafu stika moja kwa nyumba. Mkitoa stika 40 kwa nafasi 25, mmegawa karatasi.

Mkazi_Uhindini
Moja kwa nyumba italeta ugomvi, kuna nyumba zina wapangaji watano. Ila hilo la saa nimelikubali. Tuseme kuanzia saa 12 jioni?

MamaDuka
Saa 12 ndipo watu wanatoka kazini wananunua. Mimi nafunga saa 2 usiku.

Mkazi_Uhindini
Basi saa 1, dada yangu.

MamaDuka
Saa 1 na nusu, na lile tairi la mbele ya duka langu ulitoe kesho.