Miji inapangwa na washauri wa fedha, mpanga miji kabaki kuchora tu

Wakuu hili jambo linaniudhi mno. Mshauri wa fedha ambaye hajui maji ya mvua yanapita wapi wala watu wanavukia wapi, anakuja na hesabu zake kwenye kompyuta, anasema mradi "haulipi", basi mjadala umekwisha, na afisa mipango miji aliyesomea hii kazi anaambiwa achore ramani ifanane na hesabu!

Angalieni Chicago. Desemba 2008 jiji liliikodishia kampuni binafsi mita (mashine za kulipia) za maegesho ya barabarani kama 36,000 kwa miaka 75, likapewa dola bilioni 1.15 kwa mkupuo, madiwani wakapitisha ndani ya siku chache tu tangu watangaziwe. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji hilohilo akasema walipunjwa kama dola milioni 974. Haya hela imeenda, ila kinachoniuma zaidi ni barabara yenyewe, maana jiji likiondoa yale maegesho ili lipitishe njia ya basi au ya baiskeli inabidi limfidie mwekezaji, kwa hiyo hata wazo zuri la usafiri likija swali la kwanza ni fidia itatoka wapi, na hivyo hivyo mpaka 2083, yaani mtoto wa leo anakaribia kustaafu mkataba bado upo.

London nako. Mtaa wa Heygate nyumba za halmashauri zaidi ya 1,000 zilivunjwa, na mpango ulioidhinishwa 2013 ukaja na nyumba mpya zaidi ya 2,000 lakini za kodi ya chini kama ile ya zamani ni 79 tu. Kisa? Hesabu za mshauri wa mjenzi zilionyesha zikiongezwa, faida haitoshi. Na hizo hesabu wakaaji walinyimwa eti ni siri ya biashara, mpaka suala likafika kwenye baraza la rufaa. Siri gani wakati wanaohamishwa ni wao?

Halafu mara nyingi ada nono ya mshauri inatoka dili likifungwa, sasa huyo atakushauri uliache kweli? Alipwe ada ileile mradi upite usipite, na hesabu zake zibandikwe hadharani, na jina la aliyemlipa liwe juu kabisa, kabla diwani yeyote hajanyoosha mkono.