"Tunatunza mazingira, dada." Leo nimetukanwa kaunta na kachumbari mkononi!

MkeWaFundi_Tabata:

Wadau, salamu baadaye. Naandika huku vidole vinanuka kitunguu kilichochacha na ndimu haijakitoa. Mnalijua duka ninalolisema. Lile la kioo kitupu, mlinzi anakupekua mkoba ukiingia na kukukagua risiti ukitoka, na keshia hajawahi kuwa na chenji ya mia mbili tangu nchi ipate uhuru, anakurudishia pipi. Ndiyo, lile lile.

Leo mawifi zangu wawili wamekuja kula pilau. Nimetoka kazini Posta saa kumi na moja, foleni ya Ubungo mnaijua, nikaona nikipitia genge nitachelewa, ngoja niingie pale nichukue kila kitu mara moja. Nimeingia sehemu ya mboga, jamani. Hakuna mboga iliyokaa kama mboga. Kila kitu kimelala kwenye zile trei nyeupe nyepesi zinazolia kwii ukizigusa, juu kimebanwa nailoni mpaka kinahema. Tangawizi, kipande kimoja cha ukubwa wa dole gumba, kina trei yake. Punje sita za kitunguu saumu zilizomenywa zina trei yao. Kitunguu saumu! Mungu amekivisha ganda la nje, akaona haitoshi, akavisha kila punje ganda lake. Wao wamekivua nguo zote alizokivisha Mungu, wamekivalisha nailoni, wakapandisha bei mara nne.

Halafu nikaiona kachumbari. Imeshakatwa, iko kwenye kopo, 6,500. Genge la kwangu fungu la nyanya 1,000, vitunguu viwili 500, pilipili mama ananirushia bure. Lakini saa imekwenda, nikachukua.

Nafika kaunta. Nimepanga vitu vyangu, nailoni juu ya nailoni, kaunta inang'aa kama duka la vioo. Nikamwomba mfuko. Keshia akaninyanyulia uso, akatabasamu, akasema kwa sauti foleni nzima isikie: "Mifuko ya plastiki ni marufuku. Tunatunza mazingira, dada."

Tunatunza mazingira, dada.

Yaani amesema hivyo huku mkono wake mmoja umeshika trei ya kitunguu saumu. Halafu akanionyesha mfuko mbadala, 1,000, una nembo ya duka lao. Ninalipia niwatangazie biashara.

Nimefika nyumbani nafungua kachumbari. Wadau, kufungua ile kachumbari kumechukua muda kuliko kupika pilau. Nailoni ya nje. Mfuniko. Ndani kuna kifuko cha chumvi. Kifuko cha pilipili. Uma wa plastiki. Na kipande cha limau. Kimoja. Kimefungwa nailoni peke yake kama mtoto mchanga wa Makete kwenye baridi ya asubuhi ya Julai. Nimeutafuta mwanzo wa ile nailoni kwa kucha, kwa meno, mwisho kwa kisu. Kwa kisu! Kile kile ambacho ningekatia kitunguu.

Nyanya zenyewe zimeshatoa maji, kopo nusu ni supu. Kitunguu kimekatwa vipande vya unene wa kandambili, hakijaoshwa na chumvi, kimechacha, ukali wote umebaki na utamu wote umekwenda. Wifi mkubwa akachungulia, akauliza taratibu, "Hii ni ya kununua?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Nimehesabu pale jikoni. Kachumbari plastiki saba. Kitunguu saumu mbili, tangawizi mbili, nazi iliyokunwa mfuko ndani ya mfuko, mbili. Kumi na tatu! Naziangalia pale kwenye beseni, nasikia ile sauti tena. Tunatunza mazingira, dada. Ameniita dada! Angeninyamazia nikabeba vitu vyangu kwenye kanga ningemheshimu.

Nimemaliza. Semeni ninyi.

KisuButu:

Nimekaa siti ya mbele kabisa.

Ila bibie, tuanze na wewe. Mwanamke mzima wa Tabata, una kisu, una ubao, unanunua kachumbari? Ya kukatiwa? Kesho utanunua maji yaliyochemshwa. Keshia hana kosa, wifi yako ndiye aliyekuona sawasawa.

MkeWaFundi_Tabata:

KisuButu, na ubutu wako unaonekana. Nimesema nilichelewa. Wewe hujawahi kuchelewa? Hoja hapa si kununua, hoja ni yule keshia kuninyima mfuko huku ameshika plastiki, halafu ananifundisha mazingira mbele ya watu. Mbele ya watu kumi!

BabaWatatu:

Tulieni niwaeleze kidogo. Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 ni la mifuko ya plastiki ya kubebea. Vifungashio vya vyakula, dawa, vya viwandani na vya kilimo viliachwa nje. Kwa hiyo trei na nailoni ya kachumbari ni halali, mfuko wa kubebea si halali. Keshia kasema kweli kisheria.

MkeWaFundi_Tabata:

Baba Watatu, wamekutuma? Najua sheria. Mwaka ule tulitishwa faini ya 30,000 kwa kukutwa na mfuko mkononi, nikachoma mifuko yangu yote niliyokuwa nimeikunja chini ya godoro. Nikabeba kikapu, sikulalamika. Leo nabebeshwa plastiki kumi na tatu ndani ya mfuko mmoja na ninaambiwa TUNATUNZA. Nani anatunza? Mimi ndiye ninayekaa nazo. Gari la taka kwetu linapita likikumbuka, na mtaro mbele ya nyumba ukiziba mvua ya Aprili maji yanaingia kwangu, si kwake.

ShonaMifuko:

Mama, ngoja nikuongezee hasira. Huo mfuko mbadala uliouziwa 1,000, unaonekana kama kitambaa, si ndiyo? Si kitambaa. Ni polipropilini, plastiki iliyobanwa ikafanana na nguo. Nauza mifuko hiyo jumla, najua ninachosema. TBS, wale wa shirika la viwango, wanataka isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba ili irudiwe kutumika, lakini mingi inayozunguka mtaani ni laini, ukiweka kilo mbili za mchele mpini unakatika kabla hujavuka barabara.

MkeWaFundi_Tabata:

Kumi na nne basi. Jamani. Kumi na nne.

ShangaziChuma:

Nimecheka mpaka nimemwaga chai. "Kama mtoto mchanga wa Makete." Mimi nilikuta pale pale ndizi mbivu mbili kwenye trei na nailoni juu. Ndizi! Ina ganda lake, ukiliona limekuwa jeusi unajua, linafunguka bila kisu. Nilimuuliza kijana wa pale, hii nailoni ya nini? Akasema, "Ni kwa ajili ya stika ya bei, mama." Ndizi imevishwa ili ipate pa kubandikwa bei.

Mwanagenzi_Nairobi:

Poleni majirani. Huku kwetu mifuko ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, faini ilitajwa hadi milioni 4 za Kenya au miaka minne jela, watu wakawa wanaficha mifuko kama bangi. Sasa ingia supamaketi uone sukuma wiki iliyokatwa, imejazwa kwenye pakiti, rangi imeanza kugeuka njano. Mama mboga wangu hapa nje ananikatia sukuma nikisimama, nyembamba kama nyuzi, tunapiga stori, ananiongezea dania bure. Nani ananunua ile ya pakiti? Sijawahi kumwona. Lakini kila siku wanaweka mpya.

KisuButu:

Anayenunua yuko hapo juu, ndiye aliyefungua uzi.

MkeWaFundi_Tabata:

Wewe mtu una dhambi.

Mpemba_wa_Lyon:

Niko Ufaransa. Huku kuanzia tarehe 1 Januari 2022 walikataza kufunga plastiki kwenye matunda na mboga kama aina thelathini zinazouzwa chini ya kilo moja na nusu. Karoti, vitunguu, ndizi, machungwa, vikarudi kukaa wazi. Lakini vilivyomenywa na kukatwa wakaviachia, na kweli viko tele. Marekani nako, 2016, kuna duka kubwa liliuza machungwa yaliyomenywa ndani ya vikopo vya plastiki. Mtu akapiga picha akaitupa mtandaoni, watu wakawaka, duka likayaondoa. Piga picha, dada.

Machungwa_Kwa_Mkasi:

Chungwa lililomenywa huku si ndiyo biashara yetu? Pale Mnazi Mmoja jamaa anamenya kwa kisu, ganda linatoka mviringo bila kukatika, anakata juu kidogo, unanyonya unaondoka. Hakuna kopo wala uma.

DerevaBoda_Mbagala:

Mnalialia na kachumbari ya 6,500, sisi tunakula chipsi za moto kwenye nailoni. Moto wa mafuta, nailoni inajikunja, na tomato inamwagiwa humo humo. Ukifungua, chipsi zimelowa, nailoni imeacha harufu yake. Mwenzenu jana nilipewa na ugali hivyo hivyo. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

ShangaziChuma:

Na zile karanga za kwenye mrija wa nailoni, mrefu, karanga kumi na mbili. Na barafu za watoto. Na maji ya kandoro, yale ya kwenye kifuko cha nailoni.

BabaWatatu:

Umenikumbusha viroba. Vile vifuko vya pombe vilikatazwa tarehe 1 Machi 2017, mpaka leo ukichimba shimo la mgomba kwangu unavitoa vizima, rangi yake haijapauka. Kachumbari ya bibie itafukuliwa hivyo hivyo na wajukuu.

Nyanya_za_Chini:

Lakini msiyaone magenge watakatifu. Mimi nimechoka na fungu. Nyanya tano za juu nyekundu zimefutwa kwa kanga, zinameremeta, ukifika nyumbani tatu za chini zina kidonda, zimegeuzwa upande mzuri. Ukimwambia anasema "chagua fungu jingine", na fungu jingine ni la dada yake. Trei ya nailoni angalau unaigeuza unaona tumbo.

MkeWaFundi_Tabata:

Nyanya_za_Chini, genge likinionea narudi asubuhi na mama ananipa nyanya mbili za pole. Yule keshia atanipa nini? Alinifuata na macho mpaka mlangoni! Na mlinzi akanisimamisha kukagua risiti, vitu vinang'aa kwenye mfuko wao, vinalia kwii, watu wananitazama. Nasema bado namsikia.

Lumbesa_Hapana:

Fungu si kitu, njooni shambani muone lumbesa. Gunia linajazwa, linashonewa kofia juu, mkulima analipwa gunia moja. Hapo hamna plastiki hamna nini, ni wizi wa wazi. Mimi nimelima vitunguu Mang'ola, najua.

Nyanya_za_Chini:

Na sado! Ile ndoo ya sado ya kupimia imebondwa chini kwa ndani, mnaijua?

DerevaBoda_Mbagala:

Hahaha ya kwetu imebondwa mpaka imekuwa sahani.

BiMkubwa_Unguja:

Nyote mmepotea, na nashangaa hakuna aliyeuliza la msingi. Wanaweka LIMAU kwenye kachumbari? Kachumbari ni ndimu. Limau ni la chai na mafua. Kitunguu unakikata chembamba, unakivuruga na chumvi, unakikamua, unakiosha maji mawili matatu mpaka ukali utoke, unakamua tena. Ndipo nyanya iingie, ndimu, pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu. Unakoroga mkiwa mnakaa kula, si kabla. Kachumbari ikilala ni takataka, hata uifungie kwenye dhahabu.

Mwanagenzi_Nairobi:

Bi Mkubwa, na dania hujaitaja.

BiMkubwa_Unguja:

Dania ni ya supu, mwanangu.

KisuButu:

Na tango? Mimi bila tango sili.

Mpemba_wa_Lyon:

Tango linatoa maji, linaua ndimu. Tango ni la saladi.

ShangaziChuma:

Moshi tunaweka tango na kabichi kidogo, na hakuna aliyekufa.

BiMkubwa_Unguja:

KABICHI? Nisaidieni, nimesoma vizuri?

DerevaBoda_Mbagala:

Kabichi ni ya kuongeza wingi, mama. Kule tunakokula chipsi kachumbari ni kabichi tupu, nyanya ni ya picha.

MkeWaFundi_Tabata:

Jamani uzi wangu ni wa keshia. Rudini.

Machungwa_Kwa_Mkasi:

Mimi mke wangu anaweka karoti iliyokwaruzwa, inapendeza rangi.

MkeWaFundi_Tabata:

Karoti? Karoti kwenye kachumbari? Subiri kwanza. Mkeo ni wa wapi? Karoti inaliwa vipi na pilau, inatafunwa kru kru kama sungura, ndimu haiingii ndani! Bi Mkubwa njoo uone huyu. Karoti!