Ulinganisho: kobla ya fyulisi ya rojo na ile ya donge, ipi huiva vizuri zaidi?

MAMA NEEMA (Georgia, Marekani)

Wapishi wenzangu, nawasalimu. Ninaishi katika jimbo la Georgia, ambako fyulisi huanza kuonekana sokoni katikati ya Mei na kuendelea hadi Agosti, na kila kiangazi majirani zangu huoka kobla, yaani matunda yaliyotiwa sukari, yakafunikwa kwa unga na kuokwa katika bakuli moja mpaka juisi ichemke na unga uwe na rangi ya dhahabu.

Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ni ya rojo: gramu 110 za siagi huyeyushwa kwenye trei, juu yake humiminwa rojo la kikombe kimoja cha unga wa ngano, kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maziwa, vijiko viwili vya chai vya beking pauda na chumvi kidogo, kisha matunda hupangwa juu bila kukorogwa, na ndani ya oveni rojo hupanda lenyewe likayazunguka. Ya pili ni ya donge: matunda hutangulia chini, halafu mabonge ya unga uliochanganywa na siagi baridi na mtindi hudondoshwa juu yake.

Jumamosi iliyopita nilipika hiyo ya pili kwa wageni wanane. Juu ilipendeza, lakini nilipochota kijiko cha kwanza niliona kwamba upande wa chini wa kila bonge ulikuwa mbichi, unanata kama ugali ulioepuliwa kabla ya wakati. Je, niachane na donge kabisa, au kuna jambo ninalolikosea?

FUNDI WA OVENI (Texas, Marekani)

Dada Mama Neema, usiliache donge, kwa sababu kosa halikuwa lake. Nina hakika uliyaweka mabonge juu ya matunda yaliyokuwa bado baridi. Oveni hupasha bonge kwa juu, na upande wa chini hutegemea joto la juisi. Juisi ikichelewa kuchemka, sehemu ya juu huungua kabla ya chini kuiva. Mimi huyaingiza matunda peke yake kwenye oveni ya nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka nione vipovu pembezoni, ndipo ninadondosha mabonge na kuacha nafasi ya vidole viwili kati ya moja na jingine ili mvuke upate pa kutokea.

Vipimo vyangu ni vikombe viwili vya unga, kijiko kimoja kikubwa cha beking pauda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, gramu 85 za siagi baridi na robo tatu ya kikombe cha mtindi. Siagi isuguliwe kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ifanane na chenga za mkate, na baada ya kutia mtindi usikande, maana donge la kobla likikandwa kama la chapati huwa gumu. Ukidhani imeiva, inua bonge la katikati kwa uma ulitazame chini. Ya pembeni huiva mapema na hudanganya.

BINT TANGA (Tanga, Tanzania)

Kaka yangu hapo juu amesema kweli, lakini mimi nasimama upande wa rojo, na sababu yangu ni matunda yenyewe. Fyulisi zinazoshuka kwetu kutoka Lushoto aghalabu ni ndogo na ngumu kidogo, hazitoi maji mengi, na ukizifunika kwa donge unapata matunda makavu chini ya mkate. Rojo huyanywa yale maji machache na kushikana na tunda. Hata embe dodo, likichukuliwa siku moja kabla halijalainika sana, linakubali rojo vizuri, hasa ukiongeza iliki iliyotwangwa na maji ya ndimu.

Kwa wasio na oveni, nawasihi msikate tamaa. Wamarekani wa zamani waliokuwa safarini walipika kobla katika chungu cha chuma chenye mfuniko wa kingo, wakaweka makaa chini na mengine juu ya mfuniko, na sisi tunaopalia makaa tunapopika mkate wa kumimina hatuhitaji kufundishwa kazi hiyo. Makaa ya chini yawe theluthi moja tu na ya juu theluthi mbili, kwa sababu sukari ya matunda inakaa chini nayo huungua upesi. Mara ya kwanza nilijisahau nikaweka sawasawa, na sufuria ilinichukua siku mbili kuilowesha na kuikwangua.

BI MKUBWA WA MTINDI (Mombasa, Kenya)

Wanangu, mmezungumza juu ya unga na mmesahau uzito wa juisi. Vijiko viwili vikubwa vya kornfulawa vinatosha vikombe sita vya matunda yenye maji, lakini haishiki mpaka juisi ichemke hadi katikati ya bakuli, si pembezoni tu. Halafu iacheni ipoe angalau nusu saa kabla ya kupakua. Wengi hulaumu kornfulawa kumbe wamepakua kobla ikiwa bado inatokota.

MAMA NEEMA

Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni nyote. Leo nimepika zote mbili kwa fyulisi za kapu moja. Nilizichovya katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, nikazimenya, nikazikata na kuziacha na sukari kwa nusu saa, kisha nikachuja na kupima: fyulisi nane zilizoiva sana zilitoa karibu kikombe kizima cha juisi. Kiasi hicho kilizidi uwezo wa rojo langu, na ingawa kingo zake zilikuwa tamu na zenye ukoko wa siagi ambao watoto waliugombania, katikati palibaki kama uji. Donge lililowekwa juu ya matunda ya moto liliiva mpaka chini, na bonge nililoligeuza lilikuwa kavu, lenye matundu madogo kama ya mkate wa mofa.

Kwa hiyo fyulisi zangu za Julai nitazifunika kwa donge, na zile ngumu za Mei, ambazo nyama yake hung'ang'ania kokwa, nitaziwekea rojo kama anavyofanya Bint Tanga.

FUNDI WA OVENI

Ukitaka rojo hata mwezi wa Julai, ile juisi uliyoichuja ichemshe peke yake mpaka ibaki nusu, uimwagie juu ya matunda kabla ya kuoka. Nami nakubali kwamba ukoko ule wa siagi donge haliwezi kuutoa.

BI MKUBWA WA MTINDI

Marahaba, Mama Neema. Kipande kitakachobaki kipashe moto kwenye oveni ya nyuzi 175 kwa dakika kumi na tano bila kufunika. Maikrowevu hulilowesha donge.