Tupeane uzoefu: "borrow" ilikuumbua wapi?

Mwanangu karudi na daftari, mwalimu kapiga mstari mwekundu chini ya "borrow me your pen". Nikacheka, halafu nikanyamaza. Na mimi nimesema hivyohivyo mpaka nimepata ajira. Tiririkeni.

Kipepeo: Wewe umecheka, mimi nililia. Nilimkopesha mwenzangu kazini, tukakubaliana akatwe kwenye mshahara nilipwe mimi. Mhasibu alikuwa mgeni, Kiswahili hajui hata salamu. Nikamwandikia kwa kujiamini kabisa: "I borrowed my colleague money, please deduct." Mwisho wa mwezi naangalia salio, nimekatwa mimi! Kwenda kulalamika, jamaa akanigeuzia kompyuta: si umeandika mwenyewe kwamba umekopa? Nikaisoma ile sentensi mara tatu, kosa silioni. Ndipo akachukua karatasi akachora mishale miwili: kitu kikija kwako ni "borrow", kikitoka kwako ni "lend". Karatasi ninayo hadi leo.

Mzee Koma: Hii nayo, duh.

Bi Nahau: Kosa ni la Kiswahili. "Niazime kalamu", "nimeazima kalamu", kitenzi kimoja kinakwenda na kurudi.

Chachandu: Usikisingizie. Kopa na kopesha umezisahau? Panga na pangisha je? Hao Waingereza ndio wenye "rent": mpangaji anasema "I rent", mwenye nyumba naye "I rent". Na Wajerumani wana "borgen", ndugu wa damu wa hiyo "borrow", ni kukopa na kukopesha humohumo.

Bi Nahau: Mada ni Kiingereza, Wajerumani wametokea wapi?

Mzee Koma: Kipepeo, pesa ilirudi?

Kipepeo: Mwezi uliofuata. Tena yule mwenzangu aligoma, eti mshahara ushakatwa, deni limekwisha!

Mzee Koma: 🤣🤣 Huyo alielewa Kiingereza kuliko wote.

Tumbili: Semeni "give me" yaishe.

Chachandu: Ukiomba kwa "give" utaonekana hurudishi. Shika hivi: "borrow" hufuatwa na "from", "lend" na "to". Na ikipita ni "lent", "lended" hakuna.

Sijali: Mimi nasema "can I use your pen?" Sijawahi kuumbuka.

Tumbili: Na ukitaka pesa? "Can I use your money?"

Sijali: Hapo nanyamaza.

Mzee Koma: Na "loan"?

Chachandu: Wamarekani huifanya kitenzi, sawa na "lend".

Kipepeo: Jamani, msiniongezee mshale wa tatu.