Walimu wa tizi la kundi wawe na leseni, ama kila mtu abebe kiuno chake?

Kiuno Kibovu (mleta mada)
Wakuu, shikamooni kwa wakubwa. Nilijiunga na tizi la kundi ufukweni, Jumamosi alfajiri, kila kichwa elfu tano. Tuko kama arobaini, mwalimu mmoja, spika moja, singeli. Wiki ya pili tukapewa lile chuma la duara lenye mpini juu, kilo 16: unalibembeza toka katikati ya miguu mpaka usawa wa macho, dakika nzima, halafu pushapu, halafu kuruka, halafu unalirudia. Raundi ya nne mgongo umeshapinda kama ndoano, nimejiona mwenyewe kwenye video ya jirani. Mwalimu akapita anapiga makofi: "Ukiona inauma ujue inaingia!" Kitu kikalia kach! Leo siku ya tisa, soksi navaa nimelala chali.

Nauliza tu. Bodaboda anadaiwa leseni. Huyu aliyeshika viuno vya watu arobaini mbona hadaiwi hata cheti cha chekechea?

Kocha Mavyuma
Cheti cha chekechea? Mimi nafundisha tizi mwaka wa saba huu, na nimeshawashusha kilo watu walioandikiwa dawa za presha. Kitambi umekilea miaka kumi, unataka kikuage wiki mbili, chuma kikikukataa mchawi ni mwalimu. Halafu hivyo vyeti mnavyovililia, cha CrossFit, lile tizi la Kimarekani la vyuma na kuruka kwa kasi kama hilo la ufukweni, daraja la kwanza ni kozi ya siku mbili. Siku mbili! Ukiwa na dola zako unarudi mwalimu.

Pilipili Manga
Kocha, hapo umejitetea au umejishtaki?

Chupa ya Maji
Kosa ni la singeli. Chuma kinabembezwa kwa taarabu.

Bi Mkubwa
Mimi mnanichekesha. Bibi yangu kule Newala maji aliyafuata bondeni, anapanda mlima ndoo kichwani, mtoto mgongoni, akifika anatwanga. Hakuwahi kuumwa kiuno. Nyie mnalipa elfu tano mkabembeze chuma halafu mnaita "nguvu za kazi". Kazi ipo, kalimeni.

Pilipili Manga
Hakuwahi kuumwa, au hakuwahi kusema?

Bi Mkubwa
Bibi yangu usimguse wewe mtoto.

Chuo cha Mtaa
Turudi kwenye mada. Kuna utafiti wa Marekani, kama sikosei wa chuo cha Ohio, ulikuta asilimia 16 ya waliofanya CrossFit waliacha njiani kwa kuumia. Ushahidi upo.

Mkata Rufaa
Ushahidi ulikuwepo mkuu. Makala ile ilitoka 2013, washiriki wenyewe wakakana kwamba waliacha kwa kuumia, CrossFit wakaenda mahakamani, na 2017 ikaondolewa. 2019 jaji akaiadhibu NSCA, chama chenye jarida lililoichapa, karibu dola milioni 4 kwa mambo waliyoyafanya ndani ya kesi. Tafuta mwingine.

Chuo cha Mtaa
Sawa, upo mwingine, watu 132 waliulizwa mtandaoni. Asilimia 73.5 walisema waliwahi kuumia. Huo nao umefutwa?

Kocha Mavyuma
Haujafutwa, ila umeusoma nusu. Huohuo unasema majeraha 3.1 kwa kila saa 1,000 za mazoezi. Wakaandika kabisa kwamba ni kama wanyanyua vyuma na wanajimnastiki, na raga inawazidi. Mtu akitizi saa tatu kwa wiki, mwaka mzima ni saa 150 na kitu. Piga hesabu mwenyewe.

Chuo cha Mtaa
Na hao 132 ni waliojibu kwa hiari, waliovunjika wakaenda zao hawakuwepo kwenye kundi. Na waliokuwepo, majeraha yaliyoongoza ni ya mabega na uti wa mgongo, ndipo alipo mleta mada.

Mzee wa Gwaride
JKT tumerushwa kichurachura kuzunguka uwanja, jua la saa saba, afande ana fimbo. Nani aliuliza leseni ya afande? Vijana wa siku hizi ni mayai.

Chupa ya Maji
Mzee shikamoo. Magoti yanaendeleaje?

Mzee wa Gwaride
Marahaba. Yanalialia kwenye ngazi, lakini huo ni uzee.

Chupa ya Maji
Una miaka mingapi?

Mzee wa Gwaride
41.

Nesi wa Zamu
Nimepita haraka, niko kazini. Mgongo mnausema sana, kuna kingine hamkisemi. Mgeni wa tizi, au mtu aliyepumzika miezi akarudi na moto wa zamani, akipigishwa marudio mengi kwenye joto, misuli inaweza kumeguka na uchafu wake ukaingia kwenye damu. Kazi ya kuuchuja ni ya figo. Dalili: mikono inavimba hainyooki, na mkojo unatoka rangi ya chai ya rangi. Hapo si suala la kukandwa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na msimeze diklofenaki mkadhani mmejitibu, nazo zinaisumbua figo. CrossFit wenyewe walikuwa na kikatuni cha utani cha ugonjwa huo, kimeunganishwa kwenye mashine ya kuchuja damu, viungo vya ndani vimemdondoka sakafuni.

Ndevu Nyeupe
Dada nesi, uko hospitali gani na zamu inaisha saa ngapi?

Pilipili Manga
Kaongea figo, wewe umesikia zamu.

Bi Mkubwa
Bado hamjanijibu. Makuli wa Kariakoo wanabeba gunia siku nzima, nani kawaona wanalia viuno mtandaoni?

Mwana wa Mtwishwa
Huwa sichangii, ila hapa umenigusa pabaya. Baba yangu alikuwa kuli hapohapo Kariakoo. Lumbesa ya viazi, ile yenye kilemba juu, inapita kilo 100. Wawili wanamtwika, yeye anainamisha shingo inakaa juu ya mabega, anatoka mbio fupifupi kwa sababu akisimama tu imemwangusha. Analipwa kwa gunia, kwa hiyo naye anakimbizana na saa kama nyie wa ufukweni. Jioni mama anachemsha maji, anatia chumvi, anamkanda mpaka tunalala. Alipofika 50 kunawa miguu alikuwa hawezi, nikimnawisha mimi. Mtandaoni hukumwona kwa sababu hata simu hakuwa nayo. Bibi yako naye ulimuuliza?

Bi Mkubwa
Pole mwanangu. Sikumaanisha mzee wako.

Mwana wa Mtwishwa
Ulimaanisha nani sasa?

Mkata Rufaa
Tulieni. Kwenye leseni: nani aitoe? BMT, Baraza la Michezo la Taifa, wanasajili vyama na vilabu, mtu na spika yake ufukweni si klabu. Na serikali yenyewe ndiyo iliyotutoa ndani 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, Jumamosi ya pili ya kila mwezi tukatizi. Leo uwaambie wasubiri kibali?

Chuo cha Mtaa
Kutembea haraka na kubembeza kilo 16 ukiwa umechoka ni vitu viwili. Mtu akichoka umbo linavunjika kabla hajajua mwenyewe. Mwalimu mmoja atazame migongo arobaini kwa macho mangapi?

Kocha Mavyuma
Hapo sibishi. Arobaini ni wengi. Mimi wakipita kumi na tano naita msaidizi, na mgeni simpi chuma, nampa mpini wa ufagio. Unaulaza mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega, na juu kidogo ya makalio. Inama kwa kusukuma makalio nyuma. Mpini ukiachia hata sehemu moja, chuma hujakistahili, hata ukae na ufagio mwezi.

Kiuno Kibovu
Jamani kurasa nne, leseni imejibiwa na mtu mmoja. Kocha, nikipona hilo la ufagio nalipata wapi?

Kocha Mavyuma
Njoo Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nakutumia mahali inboksi. Elfu tano.

Kiuno Kibovu
Elfu tano ya ufagio?

Bi Mkubwa
Nilisema mimi.