Tunahamia Ujerumani na mbwa wetu, muda unatosha? Naombeni ushauri

BintiMachame

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, hasa mliowahi kusafirisha mbwa au paka kwa ndege kwenda Ulaya.

Mume wangu amepata kazi ya uuguzi Hamburg, anatakiwa kuripoti tarehe 2 Mei. Mpango ulikuwa tuondoke wote watatu mwishoni mwa Aprili: yeye, mimi na mwanetu wa miaka 7. Leo ni tarehe 26 Februari, kwa hiyo nina kama miezi miwili. Tuna mbwa wa kienyeji anaitwa Popi, dume, miaka 6, kilo 19. Aliletwa kwetu mtoto akiwa anaanza kutambaa, wakakua pamoja. Usiku Popi analala mlangoni kwa mtoto juu ya kanga kuukuu, na ukiiondoa ile kanga kuifua anazunguka nyumba nzima akiitafuta. Mtoto tumeshamwambia tunahama. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Popi naye ana pasipoti?"

Kila mwaka mwezi wa Septemba huwa tunampeleka kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa inayotolewa kijijini, na kadi zake zote ninazo. Nilidhani kadi ile na cheti cha daktari wa mifugo vinatosha. Jana rafiki yangu akaniambia kuna kipimo cha damu na kusubiri miezi. Tunaishi Moshi, uwanja wetu wa ndege ni KIA (Kilimanjaro). Nianzie wapi? Muda unatosha kweli?

DaktariWaMifugo_Kanda

Dada, pole na hongera kwa wakati mmoja. Nakwambia ukweli leo ili usije ukaujua ukiwa uwanjani: kwa mwisho wa Aprili, Popi hawezi kuingia Ujerumani kihalali. Ila usikate tamaa, njia ipo.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina orodha ya nchi ambazo wanyama wake wanaingia kwa masharti mepesi. Tanzania haimo, na Kenya haimo. Sisi masharti yetu yanafuatana hivi, na mpangilio huu usiuvuruge hata kidogo. Kwanza Popi awekewe chipu (kifaa kidogo cha utambulisho) chini ya ngozi ya shingo, yenye namba ya tarakimu 15, ya kiwango cha kimataifa cha ISO 11784. Baada ya chipu ndipo achanjwe kichaa cha mbwa. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, kwa hiyo zile kadi zako za Septemba zitunze, lakini kwa safari hii hazina kazi. Zikipita siku zisizopungua 30 tangu achanjwe, anatolewa damu. Damu inatenganishwa, siramu (yale majimaji yake) inatumwa ikiwa kwenye ubaridi hadi maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Afrika Kusini kuna Onderstepoort, Ujerumani kwenyewe kuna maabara ya chuo kikuu cha Giessen. Kinga ikifika 0.5 IU (kizio cha kupimia kinga) kwa mililita au zaidi, amefaulu. Kuanzia siku ile damu ilipotolewa (narudia, siku ya kutolewa damu, siyo siku majibu yalipotoka) mnasubiri miezi 3 kamili.

Piga hesabu. Ukimwekea chipu na kumchanja wiki ijayo, damu itatoka mwanzoni mwa Aprili, safari ni mwezi wa 7.

Jambo moja jema: akishafaulu kipimo hiki, hakirudiwi tena maisha yake yote, mradi usiruhusu chanjo ya marudio kupitwa na tarehe hata siku moja.

Nyaki_Nairobi

Pole mama. Mimi nilihama na paka wangu kutoka Nairobi kwenda Uholanzi na hilo la mpangilio lilinichoma. Kliniki niliyoenda ilimdunga chanjo kwanza, halafu wiki mbili baadaye wakaweka chipu. Hakuna aliyenieleza. Nilikuja kugundua nikiwa nimeshalipia kipimo cha damu. Ikabidi achanjwe upya na nianze kuhesabu siku upya. Nililia kwenye gari pale nje.

Kwa hivyo fanya hivi: siku ya chipu mwambie daktari apitishe skana shingoni, namba itokee, uisome mwenyewe kwa sauti huku yeye anaandika. Kisha linganisha namba hiyo kwenye cheti cha chanjo, kwenye fomu ya maabara, na kwenye cheti cha afya. Tarakimu 15 zote. Kwangu mtu aliandika 6 badala ya 0, nikaiona siku mbili kabla ya ndege.

Paka wangu alikuwa kilo 4 kwa hivyo nilipanda naye ndani, chini ya kiti, maana mashirika kadhaa yanaruhusu hadi kilo 8 pamoja na mkoba wake. Popi kwa kilo 19 hiyo njia haipo.

MzeeWaKargo

Binti yangu, nimeshughulika na mizigo ya ndege miaka mingi, wanyama nimepakia wengi. Nikusemeshe kuhusu kreti, kile kizimba cha kumsafirishia, maana hapo ndipo watu wanarudishwa.

Mpime Popi akiwa amesimama. Kutoka puani hadi mkia unapoanzia, ongeza nusu ya urefu wa mguu wa mbele toka chini hadi kiwiko: huo ndio urefu wa kreti. Upana wa mabega zidisha kwa mbili. Kimo, chukua kilele chake, iwe kichwa au ncha za masikio, ongeza unene wa tandiko. Lazima asimame bila kuinama, ageuke na alale amejinyoosha. Mbwa wa kilo 19 mara nyingi anaangukia kreti ya sentimita 91 kwa 64 kwa 69 hivi, lakini pima, usikisie. Vipande viunganishwe kwa bolti na nati za chuma, vile vibanio vya plastiki vinakataliwa. Bakuli mbili zifungwe mlangoni kwa ndani, ziweze kujazwa kutoka nje bila mlango kufunguliwa.

Akisafiri kama kargo, hamlipii kilo zake 19. Mnazidisha vipimo vya kreti na kugawa kwa 6000. Hiyo niliyoitaja inatoka kilo 67. Jiandaeni kwa hesabu hiyo.

Na usimpe dawa ya usingizi. Najua watu wanashauri kwa nia njema. Mnyama aliyeleweshwa hawezi kujishika ndege inapoyumba, presha inashuka, pumzi inakuwa nzito, na kule chini hakuna mtu wa kumtazama. Mashirika mengi wakimwona amelegea wanamkataa. Sehemu anayokaa ina hewa na joto lake linadhibitiwa, na rubani anaarifiwa kwa maandishi kwamba amebeba mnyama.

Shangazi_Tabata

Mwanangu, usinichukie kwa hili. Mbwa wa miaka 6 aliyezoea uwanja, migomba na jua, unampeleka ghorofani kwenye baridi. Kaka yako hayupo? Dada yako? Mwachie mtu anayempenda, mtoto atalia mwezi mmoja atanyamaza. Sisi tulimwacha wetu kwa jirani tulipohamia Mwanza na aliishi vizuri hadi uzee wake.

Mbeya_Hamburg

Shangazi shikamoo. Nakuelewa, na kwa mbwa mwingine ningesema hivyohivyo. Lakini mtoto wa miaka 7 anayefika nchi asiyojua lugha yake, hana rafiki hata mmoja, mimi nimemwona kwa macho yangu maana ni wangu. Angekuwa na mbwa wake ule mwaka wa kwanza ungekuwa mwingine kabisa. Baridi mbwa anaizoea kuliko sisi.

BintiMachame, nipo Hamburg. Ya huku: mbwa anaandikishwa, anakatiwa bima ya madhara kwa watu wengine, na anatembea na kamba barabarani. Kodi ya mbwa ni yuro 90 kwa mwaka. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, mmeo amwambie mwenye nyumba kwa maandishi kuhusu mbwa. Kaliandike hilo, wengi wanalificha na linawarudia. Kwa wengine wanaosoma: Pitbull, American Staffordshire, Staffordshire Bullterrier na Bullterrier, sheria ya Ujerumani ya 2001 inakataza kuwaingiza nchini. Popi hana shida hiyo.

Sasa kubwa ninaloona hapa. Usifikirie mtangulie wote halafu Popi atumwe mwezi wa 7 peke yake. Mnyama wa familia anatakiwa kusafiri ndani ya siku 5 za safari ya mwenyewe, kabla au baada. Mwingine anaweza kumleta kwa idhini yako ya maandishi, lakini siku ni zilezile 5. Zikipita, anahesabiwa kama mnyama wa biashara, na makaratasi yanakuwa mengine na marefu zaidi. Mwacheni baba atangulie. Wewe, mtoto na Popi mfuate Julai.

BintiMachame

Nimesoma yote mara mbili, nimemsomea na mume wangu. Asanteni sana. Shangazi, sijachukia, umesema kama mama.

Tumekubaliana: yeye aende Aprili, sisi tubaki. Miezi miwili na nusu bila yeye si midogo, na mtoto ndiye aliyesema "baba ataandaa nyumba ya Popi." Swali lililobaki: Julai Ulaya ni joto, na tiketi za bei nafuu nilizoziona zinapitia nchi za Ghuba. Ni sawa?

MzeeWaKargo

Ghuba mwezi wa 7 hapana, binti yangu. Kutoka mlango wa ndege hadi jengo, kreti inaweza kukaa kwenye lami, na joto la kule mwezi huo linazidi nyuzi 40. Baadhi ya mashirika yanasimamisha wanyama kabisa kipindi hicho. Nyie KIA mna ndege ya KLM ya Amsterdam, inaondoka usiku na kufika asubuhi kabla jua halijakolea. Omba nafasi ya mnyama kabla ya kulipa tiketi zenu, kwa sababu kila ndege inachukua idadi ndogo tu.

DaktariWaMifugo_Kanda

Naongezea: ukipitia Amsterdam, ukaguzi wa Popi unafanyika hapohapo, maana ndipo unapoingilia Umoja wa Ulaya. Cheti cha afya kiwe cha Kiholanzi na Kiingereza, siyo Kijerumani. Kinatolewa na daktari wa serikali ndani ya siku 10 kabla ya kufika, kwa hiyo usikikimbilie mapema. Kibali cha kumtoa nchini kinaombwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, hicho anza nacho wiki kadhaa kabla. Pale Amsterdam pita mlango mwekundu wa forodha, useme mwenyewe kwamba una mbwa.

BintiMachame

Mrejesho, tarehe 15 Machi. Tarehe 3 Popi aliwekewa chipu. Nilisoma namba kwa sauti kama Nyaki alivyosema, daktari akacheka kidogo halafu akaniambia nirudie tena. Chanjo akadungwa dakika chache baadaye, na kwenye cheti saa ya chipu imeandikwa juu ya saa ya chanjo. Damu ni tarehe 7 Aprili.

Kreti ilifika wiki iliyopita. Siku mbili za kwanza alikuwa anaipita kwa mbali, mkia chini. Nikatoa mlango, nikaiweka palepale anapolala, chakula nakisogeza ndani kidogo kila siku. Jana usiku mtoto alichukua ile kanga kuukuu akaitandika mle ndani, haijafuliwa. Saa 10 alfajiri nilipoamka kwenda kunywa maji nilimkuta Popi amelala ndani ya kreti, miguu ya nyuma na mkia tu ndio viko nje.

Ile kanga wataniruhusu niiache mle siku ya safari?

MzeeWaKargo

Iache. Chini yake weka pedi ya kunyonya mkojo, na usiifue.